Kibarua wa Kaka Yake

Karani wa ofisi ya kilimo aliigeuza skrini ya kompyuta ili mwanamke aliyesimama dirishani ajionee mwenyewe. Tangu asubuhi alikuwa akiwajibu watu "rudi kesho" bila kuinua macho, lakini huyu alikuwa amemuuliza swali lilelile mara tatu, kwa sauti ileile ya upole, na foleni nyuma yake ilishaanza kuguna.

"Soma hapa, mama. Shamba la bondeni, ekari moja na nusu, mahindi na maharagwe. Limeshaandikishwa. Limelipiwa ruzuku misimu mitatu."

"Kalipwa nani?"

Karani akaweka kidole chini ya jina.

Lilikuwa jina la kaka yake. Kijijini hakuna aliyelitumia jina hilo; kila mtu alimwita Katibu, kwa kuwa aliwahi kuwa katibu wa chama cha wakulima kwa miaka miwili, cheo kikaisha, jina likabaki. Yeye mwenyewe walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, tangu alipoachika akarudi nyumbani na sanduku moja. Mwaka huohuo baba yao, ambaye tayari alikuwa anatembea kwa kupumzikapumzika, alimpitisha mpaka wa shamba la bondeni hatua kwa hatua, Katibu akifuata nyuma na kupigilia vigingi, mwenyekiti wa kijiji akishuhudia. Hapakuandikwa kitu. Nani angemwandikia mwanawe karatasi?

"Labda mmekosea," Shangazi akasema.

Karani akamweleza kwamba mashine haikosei, wanaokosea ni watu. Ama shamba ni la huyo aliyelipwa, basi ampishe aliye nyuma, ama kuna mgogoro, basi ajaze fomu ya njano na wakaguzi watakuja kupima na kuuliza maswali. Shangazi akauliza wakija wanafanya nini. Karani akajibu kwamba aliyepokea isivyo halali hurudisha chote, na wakati mwingine hupelekwa mbele zaidi.

Mzee mmoja kwenye foleni, mwenye makaratasi yake ndani ya mfuko wa mbolea, akauliza kama mama huyu alikuja kuandikisha shamba au kuinunua ofisi. Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka kidogo, maana hakujua afanye nini kingine na uso wake, kisha akaikunja fomu ya njano bila kuijaza, akaitia kwenye mkoba akaondoka.

Hakujua kwamba karani alikuwa ameshaingiza maombi yake kabla ya kugundua kwamba shamba lina jina la mwingine. Shamba moja, waombaji wawili. Mashine ililitia alama nyekundu yenyewe, bila kumngoja mtu.

Njia nzima aliyarudia maneno ya kaka yake ya miaka mitatu nyuma, siku ruzuku ilipotangazwa. Alimwendea yeye kwanza, kwa kuwa ndiye aliyezijua ofisi. Katibu alimwambia kwa masikitiko kabisa kwamba serikali inaanzia ekari mbili. "Sisi wadogo hatutazamwi, mdogo wangu." Alisema *sisi*. Na Shangazi alimwonea huruma, akasahau kwamba mwenzake alikuwa na ekari tano. Wiki hiyo ndipo redio ilipotangaza kwamba hata mwenye nusu ekari analipwa, na kwamba imekuwa hivyo tangu mwanzo.

*

Uani kulikuwa na nyumba mbili: kubwa ya Katibu na mkewe, na ya vyumba viwili ya Shangazi. Bomba la maji lilikuwa moja, na jiko lilikuwa moja, maana wifi yake alikuwa na mgongo mbovu na kupika kwa zamu kuliwapunguzia kazi wote wawili. Alimkuta kaka yake amekaa kwenye kigoda, anatengeneza bomba la kupulizia dawa.

"Kaka, ile ruzuku. Wanaanzia ekari ngapi vile?"

"Mbili. Nilikwambia."

"Natoka ofisini."

Katibu akaendelea kukaza nati ambayo ilishakazwa. Kisha akaweka spana chini na kuanza kujieleza, na kama kawaida yake alijieleza kwa mpangilio, kama anasoma kumbukumbu za kikao. Kwanza, hizo pesa hakuzila. Pili, zote zilikwenda kwa binti yake, chuo cha uuguzi, ada na malazi na sare, risiti zipo. Tatu, yeye Shangazi alikuwa amewahi kumwona ananunua hata shati?

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuudhi zaidi. Shati alilovaa lilikuwa limegeuzwa kola. Na yule binti, ni Shangazi mwenyewe aliyembeba mgongoni kila alipokuja nyumbani, kabla hata hajaachika. Kama angeombwa, angetoa. Akamwambia hivyo.

"Ungeniomba tu, kaka."

"Ningekuomba?" Katibu akamtazama kwa mara ya kwanza. "Nikuombe cha baba yangu?"

Shangazi akasimama palepale. Misimu mitatu ya malipo aliyokosa aliweza kuikunja na kuitia mkobani pamoja na fomu. Maneno haya hayakukunjika. Miaka kumi na miwili alidhani analima shamba lake, kumbe mwenzake alikuwa anamtazama tu jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekawia kuondoka.

Akasema tumbo linamsumbua, akaingia ndani. Zamu ya kupika ilikuwa yake, na siku hiyo wifi alipika.

*

Barua ililetwa na mwenyekiti wa kijiji baada ya siku tisa. Ukaguzi ungefanyika Alhamisi, na mpaka utakapokamilika malipo yote ya kaya hiyo yalikuwa yamesimamishwa, ya bondeni na yale ya ekari tano za juu ambazo ni za Katibu kihalali. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti uani, ingawa wote waliokuwepo walijua kusoma. Alipoondoka Katibu akamgeukia dada yake akamwambia haya ndiyo aliyoyataka, kumpeleka ndugu yake kwa serikali. Shangazi akatoa ile fomu ya njano mkobani, tupu kama alivyopewa, akamwonyesha. Katibu hakuamini. Akasema fomu hutolewa mbili, nyingine ameiacha ofisini.

Siku iliyofuata wifi alikuja na kiti chake mwenyewe, kwa kuwa viti vya Shangazi vilikuwa vifupi na mgongo wake haukuviweza. Akakaa, akalalamikia jua, akalalamikia bei ya sabuni. Mwishowe akafika alikokuwa anakwenda. Binti alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Awamu ya ada ilikuwa ilipwe mwisho wa mwezi, bila hiyo hasajiliwi kwa mtihani. Pesa ya kulipia ndiyo hiyo iliyosimamishwa. Katibu alikuwa ameshapata njia, ila hakuwa na uso wa kuja kuisema mwenyewe.

"Wakikuuliza wewe ni nani pale shambani," wifi akasema, "sema wewe ni kibarua wake."

Shangazi akamgeukia.

"Ni neno tu, wifi yangu. Neno la siku moja. Utapungukiwa nini? Wakishaondoka kaka yako atakuandikia kwa mkono wake kwamba shamba ni lako, mbele ya mwenyekiti."

"Kwa nini asiandike kwanza?"

Wifi akatazama viganja vyake. Alikuwa mwanamke mkweli, na ukweli ulimchosha. "Unamjua kaka yako," akasema.

Kisha Shangazi akamuuliza kama mgongo umepata nafuu kwa ile dawa ya kuchua, wifi akasema kidogo, na wote wawili wakajua kwamba jambo limekubaliwa. Wifi aliinuka kwa kujishika kiunoni, akasahau kiti.

Alipobaki peke yake, Shangazi alilijaribu lile neno kwa sauti, akiwa anachambua maharagwe. Mimi ni kibarua wake. Halikuwa gumu mdomoni. Vibarua aliwajua, alikuwa akiwaajiri yeye mwenyewe msimu wa kuvuna, wawili au watatu, na kuwalipa kila jioni kabla hawajaosha miguu. Hakuona aibu katika kazi hiyo. Akalisema tena, na mara hii akahisi kama amemvua mtu nguo, asijue ni nani.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira na mafua. Alikuja na kijana wa kupima, aliyebeba kifaa chenye skrini ndogo, akazunguka nacho mpaka mzima huku akisimama kwenye kila pembe. Mwenyekiti alivaa koti licha ya joto. Katibu alikuwa amenyoa ndevu. Shangazi alisimama hatua kadhaa nyuma yao, na jembe mkononi, kama walivyopatana.

Mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Mkaguzi alitembea katikati ya mistari akigusa majani, akarudi, akafungua daftari. Akamuuliza Katibu alipanda mbegu gani. Katibu akataja mbegu anayoipanda mwenyewe kule juu, ile ndefu ya miezi mitano. Mkaguzi akaandika. Akamuuliza alipanda lini. Katibu akataja wiki ya pili ya mvua. Mkaguzi akayatazama tena mahindi, ambayo yalishaanza kutoa mbelewele, yale maua ya kileleni, akajifuta pua.

Shangazi alitazama chini. Bondeni maji husimama mvua zikikolea, hivyo yeye hupanda mbegu fupi, na huipanda ardhini pakiwa bado pakavu, kabla mvua haijaanza, akiomba Mungu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekosea mara mbili tu. Kaka yake hakuwa akidanganya kwa ujanja, alikuwa hajui. Hajawahi kushuka huku msimu wa kupanda hata mara moja. Ajabu ni kwamba moyo ulimuuma kwa ajili yake, jinsi unavyomuuma mtu akimwona mwanawe anakosea kusoma mbele ya darasa.

"Na huyu mama?" mkaguzi akauliza.

"Kibarua wangu," Katibu akasema haraka.

"Ni kweli, mama?"

"Ndiyo," Shangazi akasema. "Mimi ni kibarua wake."

Neno likasemwa, na mbingu hazikuanguka. Mwenyekiti, aliyehudhuria mazishi ya baba yao na kujua kila kigingi cha mpaka ule, alikuwa ameona kitu cha kupendeza sana kwenye mti wa mbali. Mkaguzi aliandika, akageuza ukurasa, na kuuliza kwa sauti ya mtu anayemalizia tu kujaza nafasi zilizobaki:

"Anakulipa kiasi gani kwa siku?"

Hilo hawakuwa wamelipanga. Katibu akafungua mdomo, lakini mkaguzi akamwinulia mkono bila kumtazama. Aliyekuwa anamtazama ni Shangazi.

Angeweza kutaja chochote. Ujira wa kibarua kila mtu aliujua, hata kijana mwenye kifaa aliujua. Tarakimu ilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Lakini akaona mistari ya mahindi aliyoipanda akiwa amepiga magoti kwa sababu kiuno kilikuwa kimegoma mwaka huu, akaona mfereji aliouchimba kwa misimu miwili, akamwona na kaka yake akimwashiria kwa kichwa kidogo sana, sema, sema chochote. Na alipotafuta uongo huo wa pili, hakuupata. Labda mtu ana nafasi ya mmoja tu kwa siku.

"Sijawahi kulipwa," akasema.

"Leo?"

"Tangu nianze."

"Ulianza lini?"

"Mwaka wa kumi na mbili huu."

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza yeye alipanda mbegu gani, na lini, naye akajibu. Akamuuliza shamba alipewa na nani. Shangazi akamjibu hilo pia, akitaja jina la baba yao, jina ambalo hakuwa amelitamka kwa miaka. Mwenyekiti alipoulizwa kama anajua lolote alikohoa, akasema kwamba ndiyo, kwa kweli, ukifikiria, vigingi vilipigiliwa mbele yake. Katibu hakubishana. Aliondoka kabla ukaguzi haujaisha, akapanda kilima kwa njia ndefu, ile isiyopita katikati ya shamba la dada yake.

*

Uamuzi ulikuja baada ya wiki tatu. Katibu hakupelekwa popote. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba ni jambo la kifamilia. Ila malipo ya misimu mitatu ya bondeni yangekatwa kwenye ekari zake tano mpaka yaishe. Kwa msimu huo hakupata hata senti. Shangazi naye hakurudishiwa kitu kwa yaliyopita. Angeweza kuandikishwa upya, kama angewasilisha fomu kabla ya mwisho wa mwezi.

Jiko moja likawa mawili. Hakuna aliyetangaza. Asubuhi moja wifi aliihamisha sufuria kubwa, na Shangazi akapanga mawe matatu nyuma ya nyumba yake. Bombani walisalimiana kama majirani waliohamia juzi. Kanisani, au popote watu walipokusanyika, alisikia sauti zikishuka akipita. Wapo waliomsifu kwa kumweka wazi mwizi, na hao ndio aliowakwepa zaidi.

Kisha binti akarudi, na sanduku la chuma kichwani. Ada haikulipwa, usajili ulifungwa, chuo kilimruhusu kuahirisha mwaka. Alipitia nyumba kubwa, akakaa huko saa nzima, halafu akaja kwa shangazi yake akiwa bado amevaa viatu vya safari.

Shangazi alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Alikuwa hata amepanga la kumjibu. Binti hakulaumu. Alikaa kwenye kiti kile alichokisahau mama yake, akasema kwa sauti ndogo:

"Shangazi, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Fomu ya mwaka wa kwanza niliijaza mimi. Baba haoni vizuri herufi ndogo. Nilipofika kwenye shamba la bondeni nikamuuliza niandike jina la nani. Akaniambia andika la kwangu." Akameza mate. "Nikaandika. Nilikuwa nimeshapata barua ya kuitwa chuoni."

Shangazi alimtazama binti huyu aliyemfundisha kutembea. Alitafuta hasira akaipata, ilikuwepo, na alishangaa ilivyokuwa kubwa. Wote watatu, kaka, wifi na binti, walikuwa wamekula naye sufuria moja wakijua.

"Maharagwe ya bondeni yameingiwa na majani," akasema. "Kesho alfajiri. Vua viatu hivyo, huwezi kupalilia navyo."

"Nitakuja."

"Na nitakulipa. Kila siku jioni. Sitaki mtu anifanyie kazi bure."

Binti akainamisha kichwa. Akaja kesho yake, na siku zote za wiki ile, na kila jioni alipokea ujira wake kwa mikono miwili. Walipalilia sambamba. Walizungumza juu ya majani.

*

Fomu ya kuandikishwa ilikuwa na kurasa nne. Ukurasa wa mwisho ulihitaji saini ya mtu anayepakana na shamba. Upande wa chini wa bonde ulikuwa kijito, na kushoto na kulia palikuwa na msitu wa serikali. Upande wa juu alikuwa Katibu.

Shangazi aliichelewesha mpaka siku ya mwisho. Saa saba mchana akavuka uani, hatua ishirini tu, akamkuta kaka yake mezani na miwani ambayo haikuwa yake, ameazima kwa mtu. Alikuwa amekonda. Akamwekea fomu mbele yake na kueleza kinachotakiwa, ingawa Katibu alijua fomu hiyo kuliko karani.

"Nikitia saini hapa," Katibu akasema, "nimeiambia serikali kwa mkono wangu kwamba nilikuibia."

"Ukitia saini hapo umesema baba alinipa. Basi."

"Ni kitu kimoja."

"Kwako."

Akaanza kusoma. Alisoma kila mstari, kuanzia ukurasa wa kwanza, kidole kikifuata, kama mtu anayetafuta kosa la kumwokoa. Wifi alipita mlangoni mara mbili. Penye jina la aliyempa ardhi, kidole kilisimama juu ya jina la baba yao, kikakaa hapo muda. Kikaendelea. Kwenye ukurasa wa tatu kikasimama tena.

"Hapa hujajaza. Mavuno ya msimu uliopita."

"Sikuelewa wanataka magunia au kilo."

"Magunia. Mangapi?"

"Kumi na manane."

Katibu akainua kichwa. Ekari zake tano za juu, udongo ukiwa umechoka, zilikuwa zimempa ishirini na mawili.

"Mimi nilikuwa nawatajia kumi na mawili," akasema. "Misimu yote mitatu. Nilidhani hata hayo nimetia chumvi."

"Hukuwahi kuniuliza."

Katibu akashika kalamu. Aliandika kumi na manane, kwa tarakimu na kwa maneno, kama ofisi inavyopenda. Akafungua ukurasa wa nne. Penye jirani anayepakana akatia saini, na penye uhusiano, ambapo ingetosha kuandika neno moja, akaandika *dada yangu wa tumbo moja*, herufi zikibanana mwishoni kwa kukosa nafasi. Akapuliza wino, ingawa kalamu za siku hizi hazihitaji kupulizwa, akaisukuma fomu upande wa pili wa meza bila kumtazama.

Shangazi akaichukua. Alingoja kidogo, asijue anangoja nini.

"Ofisi inafunga saa tisa," Katibu akasema. "Ukitoka sasa hivi utawahi."

Akatoka saa hiyohiyo.